Simu Itokayo Mpanda

Historia ya mawasiliano katika nchi yetu huandikwa aghalabu kwa kutaja tarehe za kufika kwa vitu: mwaka wa kufika reli, mwaka wa kufika waya, mwaka wa kufika intaneti. Namna hii ya kuandika ina faida yake, walakini ina kasoro moja kubwa. Humweka mtu wa bara mahali pa mwenye kungoja mlangoni aletewe, wala haiulizi swali ambalo yeye mwenyewe angeliuliza kwanza: chombo hiki kikiisha kufika, je, mimi naweza kuanza kusema, na kwa gharama gani? Katika insha hii nataka kulifuata swali hilo katika mji mmoja, Mpanda, na katika nchi inayouzunguka, ambayo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Katavi. Chombo nitakachokitazama kwa karibu zaidi ni kile ambacho wengi wa wanafunzi wangu hawajapata kukiona, yaani modemu ya simu ya waya.

Msomaji ataweza kustaajabu kuwa kifaa kidogo namna hii, kilichotumika kwa miaka michache tu, kinafanywa jambo la historia. Lakini modemu ilikuwa na tabia moja iliyoipambanua na vyombo vilivyoitangulia na vilivyoifuata. Haikufanya lo lote mpaka mwenyewe ameamua kupiga. Na tangu dakika ya kupiga mpaka dakika ya kukata, ilimtoza kwa kadiri ya umbali wake. Kwa hiyo yeye aliyeitumia alijua wazi mahali alipo duniani. Nathubutu kusema kuwa hakuna chombo kilichouonyesha uso wa umbali wa Mpanda kwa uwazi kama huu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Neno simu tumelipata kwa Waajemi. Katika lugha yao sim ni fedha, madini yale meupe, na ni waya pia. Kiswahili kiliichukua maana ya waya, kikaitumia kwa telegrafu kwanza na kwa telefoni baadaye. Na kitenzi cha kupiga kiliifaa telegrafu, ambayo kwa kweli hupigwa kwa kidole, kabla ya kuhamia kwenye telefoni. Telegrafu isiyo na waya ilipokuja, wazee wetu waliiita simu ya upepo, jina zuri ambalo ndani yake waya umepotea na simu imebaki. Tutaona hapo mbele kwamba maana zote mbili za Kiajemi, fedha na waya, zilikutana katika ardhi ya Mpanda.

Mwaka 1879 mambo mawili yalitokea mbali mbali, wala waliokuwa katika moja hawakuwa na haja ya kulijua la pili. Chini ya bahari waya wa simu ulifika Zanzibar kutoka Aden, ukaendelea kusini hata Durban. Na katika mwaka huo huo Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoundwa na Mfalme Leopold wa Pili, walifungua kituo Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni Katavi. Mbelgiji wa Karema aliyetaka kusema na Brussels aliandika barua, akawapa watu wa msafara, nao wakaichukua kwa miguu hata pwani. Kutoka Zanzibar habari iliweza kuruka kwa waya mpaka Ulaya upesi mno kuliko ilivyotoka Karema mpaka Zanzibar. Nakuomba, msomaji, ulishike jambo hili, maana litarudi: sehemu iliyo nzito katika safari ya neno haikuwa bahari, bali ilikuwa ndani ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1885 kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, lakini njia ya barua haikugeuka.

Waya wa kwanza uliopita upande huu haukuletwa kwa ajili ya watu wa upande huu. Cecil Rhodes alikuwa na nia ya kuunganisha Cape na Cairo kwa simu, akaunda kampuni kwa kazi hiyo mwaka 1892. Waya ulipanda kutoka kusini kupitia nchi ya Nyasa, ukashika njia ya upande wa Ziwa Tanganyika, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukafika Ujiji. Hapo ukaishia, haukufika Cairo kamwe. Mtu wa kati ya Abercorn na Ujiji aliweza kuziona nguzo, aliweza hata kulazimishwa kufyeka njia chini yake; lakini maneno yaliyopita juu ya kichwa chake hayakuwa yake. Kupitiwa na simu na kuwa na simu ni mambo mawili.

Reli ya kati nayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaiacha Mpanda mbali upande wa kusini. Kilichoivuta reli mpaka Mpanda ni madini ya risasi, yaliyogunduliwa katika miaka ya 1930. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Uruwira Minerals ilifanya kazi ya kuchimba, na njia ya reli ya kilomita 210 ikajengwa kutoka Kaliua, ikafunguliwa mwaka 1950. Katika mawe yale ya risasi mlikuwa na fedha pia. Ndipo nikasema kwamba maana mbili za neno la Kiajemi zilikutana hapa, kwani reli iliyokwenda kuchukua fedha ilihitaji waya. Treni za njia moja haziendi salama isipokuwa stesheni husemezana, ili mbili zisikutane uso kwa uso. Lakini waya wa reli ulikuwa wa kazi ya reli, na reli ilikuwa ya kazi ya mgodi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika. Treni ilibaki, na mji ukabaki mwisho wa njia.

Baada ya uhuru Mpanda ilibadilishiwa mahali pa kuelekeza uso wake. Ilikuwa chini ya Tabora. Mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ulipoundwa ikawekwa chini ya Sumbawanga. Na mwaka 2012 ikawa makao makuu yenyewe. Shirika la simu lilikuwa la Afrika Mashariki nzima mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kisha likawa Shirika la Posta na Simu Tanzania, na kwa sheria ya mwaka 1993 kazi ya simu ikatengwa na ya posta, ikapewa kampuni ya TTCL. Mabadiliko haya yote yalifanyika Dar es Salaam. Kwa wakazi wa wilaya za mbali, laini ya simu ilikuwa ni ya ofisi, ya misheni, ya mfanyabiashara mmoja mmoja. Na mahali ambapo hapakuwa na waya, serikali na mashirika yalitegemea redio kolu, ambayo husikiwa na kila mwenye redio ya namna hiyo.

Katika miaka hiyo watu wengi waliongezeka katika wilaya. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi ya Katumba mwaka 1973, na ya Mishamo katika mwaka 1978. Waligawiwa mashamba, wakalima, wakalisha wenyewe na wengine. Lakini mkimbizi hakuwa na ruhusa ya kutoka nje ya makazi bila kibali cha maandishi. Serikali ilikubali kuwapa uraia wapatao 162,000 katika makazi ya zamani, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha uzito wa neno kutoka. Kwa watu ambao mwili wao hauna ruhusa ya kwenda, barua na simu si anasa. Ndivyo viungo vya pekee vinavyoweza kumfikia ndugu. Anayesema kwamba mtu wa mbali hana haja ya kusema na dunia, na afikiri juu ya ndugu waliotawanyika Mishamo, Bujumbura na Brussels.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa Hazina mwaka 1965. Kazi yake ilileta hasara na fadhaa, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila idhini. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Ndiyo maana ujuzi ulichelewa, na ulipoanza ulianzia katika vyuo na hospitali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Muhimbili iliunganishwa na HealthNet, mtandao wa waganga ulioanzishwa na SatelLife ya Boston, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vyuo vya Afrika Mashariki na Kusini vilivyojaribu kupelekeana barua kwa kompyuta kupitia simu za kawaida. Mwaka 1995 herufi za tz ziliandikishwa kuwa jina la nchi yetu katika intaneti. Katika miaka iliyofuata makampuni ya kuuza huduma yalifunguliwa Dar es Salaam, na mtu mwenye kompyuta, laini ya simu na modemu aliweza kujiunga.

Yafaa nieleze jinsi alivyojiunga, kwa utaratibu, kwani kazi hii haifanywi tena na mikono iliyoijua inazeeka.

Waya wa simu uliwekwa kwa ajili ya sauti ya mtu. Huchukua mitetemo ya kutoka kama 300 hata 3,400 kwa sekunde, basi. Chini yake na juu yake hukata. Kompyuta haina sauti. Ina sifuri na moja. Kazi ya modemu ni kuzigeuza sifuri na moja kuwa milio inayoweza kupita katika mlango huo mwembamba, na upande wa pili kuirudisha milio kuwa sifuri na moja. Kwa maneno mengine, mashine ilijifunza kuongea kwa koo la mtu, kwa kuwa njia iliyokuwapo ilikuwa ya koo la mtu. Modemu ya Bell ya mwaka 1962 ilipeleka biti 300 kwa sekunde. Zilizotumika katika miaka ya 1990 zilipanda hatua kwa hatua: 2,400, 9,600, 14,400, 28,800, na mwaka 1998 ilikubaliwa kanuni ya 56,000. Hizo za mwisho zilidai waya safi na kituo cha simu cha kisasa. Katika waya wa zamani modemu mbili zilishauriana, zikashuka mpaka kasi ambayo waya uliweza kuivumilia.

Mwenye kutaka kupiga aliunganisha modemu nyuma ya kompyuta, na waya wa simu ukutani. Kisha alifungua dirisha la kutengeneza muunganisho utokao, akaupa jina, akaandika namba ya simu ya kampuni ya huduma. Hapo kompyuta ilimwuliza swali ambalo siku hizi hakuna mashine inayoliuliza wazi: unapiga kutoka wapi? Ilitaka jina la nchi na namba ya eneo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 namba ya Dar es Salaam ilikuwa 022, na ya Mpanda pamoja na nchi yote ya Mbeya na Rukwa ilikuwa 025. Namba mbili zikiwa sawa, kompyuta iliiacha namba ya eneo na kupiga simu ya mjini. Zikiwa mbali mbali, iliiweka mbele, na simu ikawa ya masafa.

Palikuwa na mambo mengine madogo ambayo asiyeyajua alishindwa. Ikiwa laini imepita katika swichibodi ya ofisi, ilipasa kupiga 0 au 9 kwanza ili kutoka nje, kisha kuweka alama ya mkato. Kwa modemu alama ya mkato ina maana ya kungoja kidogo, kama ilivyo kwa msomaji. Ikiwa kituo cha simu ni cha zamani, ilipasa kuiambia modemu ipige kwa mapigo, si kwa milio. Na modemu nyingi zilitengenezwa kusikiliza mlio wa simu za Marekani. Katika laini ya nchi nyingine zilikataa kupiga, zikadai kwamba hakuna mlio, na hali mwenyewe anausikia kwa sikio lake. Dawa yake ilikuwa kuiambia isingoje mlio, ipige tu. Mtu aliyelitambua hilo alipata fundisho ambalo si la ufundi peke yake: mashine haikuharibika, bali iliamini kwamba mlio wa kwao ndio mlio.

Baada ya kupiga, modemu ya upande wa pili iliitikia kwa mlio mrefu, na hapo yalifuata makelele ambayo hayasahauliki kwa aliyeyasikia, ya kupimana nguvu na kukubaliana kasi. Yalipokoma, kompyuta ya kampuni iliuliza jina na neno la siri. Wahenga walisema usikatae wito, kataa neno. Na seva zilifuata desturi hiyo hiyo, kwa kuwa ziliitika kila aliyepiga, kisha zikamkataa asiye na neno la siri. Aliyekubaliwa alipewa anwani ya kuazima, akawa mmoja wa watu wa intaneti mpaka simu itakapokatika.

Na simu ilikatika. Waya wa shaba hula kutu, nguzo huanguka, na mvua za Novemba mpaka Aprili huja na radi, ambayo ikipiga waya huingia katika nyumba na kuunguza modemu. Umeme wa Mpanda kwa miongo mingi ulitoka katika mitambo ya dizeli, nje ya gridi ya taifa. Laini iliyokuwa na mkwaruzo mdogo, ambao sikio la mtu huusamehe, haikusamehewa na modemu, kwa sababu mtu akikosa silabi moja huikisia kutokana na maneno mengine, lakini mashine ikikosa biti lazima iagize upya.

Sasa na tufanye hesabu, maana hapo ndipo ulipo moyo wa jambo. Barua ya herufi 2,000 ni biti 16,000. Kwa kasi ya biti 2,400 kwa sekunde, itapita kwa sekunde 7 hivi. Lakini picha au hati yenye megabaiti moja, kwa kasi hiyo hiyo, yataka karibu saa nzima. Na kwa kasi ya 9,600 yataka karibu dakika 15. Kutoka Mpanda hata Dar es Salaam ni karibu kilomita 900 kwa mstari ulionyooka. Mkazi wa Upanga alizipata dakika hizo kwa bei ya simu ya mjini, na mkazi wa Mpanda kwa bei ya simu ya masafa, kila dakika, pamoja na kila dakika iliyopotea kwa kukatika na kurudia. Wote wawili walilipa ada ile ile ya huduma. Kutoka Dar es Salaam mpaka ng'ambo neno lilikwenda kwa setilaiti, na anayepiga hakutozwa zaidi kwa kuwa ameandika Boston badala ya Nairobi. Kwa hiyo hali ya Karema ya mwaka 1879 ilirudi kama ilivyokuwa: gharama kubwa ya safari ya neno ilikuwa ni kutoka Mpanda hata pwani. Baada ya pwani dunia ilikuwa karibu.

Mtu aweza kujibu kwamba hili ni jambo la haki ya biashara. Waya mrefu una gharama kuliko mfupi, na anayeutumia aulipie. Nakubali kwamba waya mrefu una gharama. Lakini nauliza ni nani aliyeamua kwamba mlango wa dunia uwe Dar es Salaam. Si Mpanda. Mlango uliwekwa pwani kwa sababu ulikuwa pwani tangu zamani za majahazi na meli. Na aliye mbali na mlango alitozwa kwa uamuzi ambao hakuulizwa. Wajuzi wa uchumi huliita jambo hili gharama ya miundombinu. Mimi, kama mtu wa lugha, naliona kuwa ni kodi juu ya neno la kwanza: wa pwani akisema hodi halipi sana, na wa bara akisema hodi hulipa kwanza.

Hata hivyo watu waliotozwa hawakukaa kimya, na hapa historia ina uzuri wake. Kwa kuwa maandishi yalikuwa mepesi na kungoja kulikuwa kuzito, walijifunza kuandika kwanza na kupiga baadaye. Barua ziliandikwa mchana simu ikiwa imefungwa, zikasomwa tena, zikasahihishwa, zikapangwa pamoja. Na usiku, laini zikiwa na nafasi, mashine ilipiga mara moja, ikatoa zote na kupokea zilizongoja, ikakata. Mipango ya FidoNet, iliyoanzishwa na Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984, ilijengwa juu ya akili hiyo hiyo, na ndiyo maana ilienea upesi katika Afrika ya miaka ya 1990, mahali pengi kabla ya intaneti yenyewe. Katika mtindo huu mwandishi alikuwa na mchana kutwa wa kufikiri na sekunde 7 za kupeleka. Sijui kama kuna sharti jema kuliko hilo kwa uandishi wa barua. Leo mambo yamegeuka: sekunde 7 za kufikiri, na siku nzima ya kujuta.

Nilifika Mpanda kwa mara ya kwanza mwaka 2010, kwa kazi ya lugha. Simu za mkononi zilikwisha kuenea, na kampuni moja iliniuzia modemu ndogo ya kuchomeka, yenye laini ya simu ndani yake. Niliichomeka katika chumba cha nyumba ya wageni, nikaisogeza dirishani ili ipate mawimbi. Haikuunganika. Nikafungua mipango yake kutafuta kosa, na nilichokikuta kilinishangaza. Muunganisho ule ulikuwa ni ule ule wa zamani: mahali pa jina, mahali pa neno la siri, na mahali pa namba ya kupiga, nayo iliandikwa *99#. Hapakuwa na waya, hapakuwa na milio, namba hiyo si ya mtu ye yote wala ya mji wo wote. Lakini kompyuta iliamini bado kwamba inapiga simu, na amri iliyoipeleka kwa modemu ilianza kwa herufi zile zile zilizowekwa na kampuni ya Hayes mwaka 1981. Namba yangu ilikuwa imepungua alama moja. Nikaiandika sawasawa, nikapiga, nikaingia.

Usiku ule nilitambua kuwa *99# ilikuwa ni namba ya kwanza ambayo bei yake ni moja Mpanda na Dar es Salaam. Kodi juu ya neno la kwanza, iliyodumu tangu siku za misafara, ilikuwa imeondolewa pasipo tangazo wala sherehe. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ulikuwa umefika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulikuwa unajengwa kuelekea mikoani. Sidai kwamba umbali umekwisha. Vijiji vya Katavi vyenye mawimbi hafifu vipo, na bei ya simu yenyewe ni mzigo kwa mkulima. Lakini umbali hauandikwi tena katika hesabu ya dakika, na hilo ni jambo kubwa.

Lakini historia haitoi kitu pasipo kuchukua kitu. Zamani za modemu ya waya, hakuna kilichotoka nyumbani pasipo mkono wa mwenye nyumba. Alipiga, akasikia milio, akajua kwamba sasa mlango u wazi. Akakata, akajua kwamba umefungwa. Simu ya leo haingoji kuambiwa. Hutoka yenyewe usiku na mchana, hupeleka habari za mahali tulipo na mambo tuyatazamayo, wala haitoi mlio. Swali nililoanza nalo, nani aanzaye kusema, limepata sura mpya: mtu wa Mpanda alipigania kwa muda mrefu uwezo wa kupeleka neno nje, na alipoupata kwa bei nafuu, maneno mengine yakaanza kutoka kwake ambayo yeye hakuyaanzisha. Wanaotunga sheria za ulinzi wa taarifa za watu, kama ile iliyopitishwa na Bunge letu mwaka 2022, wangefaidika kukumbuka kwamba kulikuwa na wakati ambapo kutoka kulikuwa ni tendo la hiari lenye mwanzo na mwisho.

Kwa wanafunzi nina ombi moja. Nyaraka za wakati huu ziko katika hatari kuliko nyaraka za Karema. Barua za Mapadre Weupe ziliandikwa kwa wino, nazo zasomeka hata leo. Barua zilizopelekwa kwa modemu katika miaka ya 1990 zimo katika disketi zinazooza, na hati za malipo ya simu za masafa zimo katika makabati yatakayosafishwa. Daftari ambamo mtu aliandika namba ya kampuni, alama ya mkato, na saa njema ya kupiga, ni waraka wa historia sawa na barua ya ofisa wa kikoloni. Waulizeni makarani wa simu waliostaafu, waulizeni waalimu, masista na wafanyabiashara wa Mpanda, Karema na Katumba, ni lini walipiga kwa mara ya kwanza, walilipa nini, na walimwandikia nani. Tunajua kwa jina watu walioupitisha waya juu ya nchi hiyo. Wale waliokuwa wa kwanza kupeleka neno lao kutoka humo bado hatujawaandika.